Maneno juu ya nguo: kutoka muhuri wa mbao hadi pasi ya umeme

Mgeni anayetoka pwani ya Afrika Mashariki na kufika Dubai hukuta huko kazi ambayo kwao si ngeni: kuandika maneno juu ya nguo.

Katika maduka madogo ya mitaa kama Satwa na Karama, mteja hutaja jina, nambari au nembo ya kampuni yake, na baada ya muda mfupi hukabidhiwa fulana iliyokwisha kuandikwa. Fundi hana haja ya wino wala brashi. Hutumia utando mwembamba wa plastiki, maarufu kwa jina la vinaili, wenye gundi upande mmoja, pamoja na pasi kubwa ya umeme.

Makala haya yanaangalia jinsi kazi ya kupamba nguo ilivyosafiri, na nani amefaidika nayo njiani.

Muhuri wa Unguja

Katika miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Massachusetts nchini Marekani walianza kuleta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Watu wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Kilikuwa vazi la watumwa na maskini.

Mwishoni mwa karne hiyo wanawake walikuwa wakiunganisha leso na kuzifanya vazi moja, na mafundi wakigonga nakshi juu ya merikani kwa mihuri ya mbao iliyochovywa rangi. Hapo ndipo ilipoanzia kanga.

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Zanzibar mwaka 1897, vazi hilo lilibeba maana mpya. Mwanamke aliyekuwa akivishwa merikani tupu aliweza sasa kujichagulia nguo ya rangi, na kuwaonyesha watu kwamba yeye si mali ya mtu.

Kiwanda chachukua nafasi

Muda si mrefu kazi hiyo ilihamia viwanda vya Uingereza na Uholanzi, na baadaye India na Japan. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zikaanza kuandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Mjini Mombasa sifa ya kuanzisha jambo hilo hupewa Kaderdina Hajee Essak, mashuhuri kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887.

Mwaka 1968 Tanzania nayo ilipata kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China.

Lakini kiwanda hakichapi doti moja. Kila rangi huhitaji maandalizi yake, na gharama hurudi tu pale nguo zinapochapwa kwa wingi. Kwa hiyo mara nyingi mvaaji alichagua neno lake miongoni mwa yale yaliyokwisha kuchaguliwa na mfanyabiashara.

Njia ya Dubai

Bandari ya Rashid ilifunguliwa Dubai mwaka 1972, ya Jebel Ali mwaka 1979, na eneo huru la biashara la Jebel Ali likafuata mwaka 1985. Wakati huo huo, mwaka 1984, Tanzania iliwaruhusu wananchi kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe.

Wafanyabiashara wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa wakaanza kumiminika katika masoko ya Deira. Kwa upande wa pili, viwanda vingi vya nguo vya Afrika Mashariki vilidhoofika mbele ya bidhaa kutoka nje na mitumba.

Miongoni mwa mizigo iliyorudi pwani yalikuwamo mabuibui ya Dubai yenye vito vinavyometameta. Vingi vya vito hivyo havikushonwa kwa sindano, bali vilishikwa na gundi iliyoyeyushwa kwa joto.

Jina moja kwa mtu mmoja

Plastiki laini ya vinaili ilitengenezwa na Mmarekani Waldo Semon mwaka 1926. Mpira wa miguu nao ulisaidia kuipa soko: tangu msimu wa 1993-94, wachezaji wa Ligi Kuu ya England huvaa jezi zenye majina yao mgongoni, na mashabiki wakataka vivyo hivyo.

Kompyuta huongoza kisu kikakata herufi zikiwa kinyumenyume, kama zionekanavyo kwenye kioo. Fundi hung'oa mabaki, hugeuza utando juu ya nguo, kisha huukandamiza kwa nyuzijoto zipatazo 150 kwa sekunde kama 15. Gundi huyeyuka na kushika pamba.

Kanga hufifia polepole, kwa kuwa rangi yake imeingia ndani ya uzi. Vinaili hukaa juu ya uzi. Ikifuliwa vibaya au ikipigwa pasi moja kwa moja, hupasuka na kubanduka.

Hata hivyo, pasi hiyo imerudisha kitu kilichopotea tangu enzi za mihuri ya mbao: fundi yuko tena jirani, na mteja mmoja anaweza kuagiza neno lake mwenyewe. Kijana wa Mombasa au Kariakoo haihitaji mtaji wa kiwanda kuifanya kazi hii.

Tofauti ni kwamba fundi wa Unguja aliuchonga muhuri wake kwa mkono wake, ilhali fundi wa leo hununua mashine na utando kutoka ng'ambo. Neno limerudi kwa mvaaji, lakini sehemu kubwa ya faida bado hubaki kwa anayetengeneza zana.