Ugomvi wa miguu ya chura uliozaa betri

Hadi mwaka 1800, umeme uliokuwa mikononi mwa wanasayansi ulikuwa wa kulipuka na kutoweka. Kaharabu iliposuguliwa kwa sufu ilivuta vinyoya, jambo lililojulikana tangu enzi za Wagiriki wa kale. Miaka ya 1745 na 1746 ikapatikana chupa ya Leiden, iliyoweza kuhifadhi chaji nyingi za umeme, lakini ikiguswa tu ilizitoa zote kwa mpigo: cheche, mshtuko, basi. Umeme wa aina hiyo huitwa umeme tuli. Hauwezi kuwasha taa ikakaa, na hata kuupima ni kazi, maana huisha kabla mpimaji hajajiweka sawa.

Umeme wa kutiririka, yaani mkondo, ulipatikana kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Luigi Galvani, mwalimu wa anatomia mjini Bologna, Italia, alikuwa akichunguza neva na misuli ya vyura. Aliona kwamba miguu ya chura aliyekwisha kufa, ikitundikwa kwa kulabu za shaba kwenye vyuma vya baraza, hurukaruka hata siku isiyo na radi. Katika chapisho lake la mwaka 1791 alieleza kuwa misuli ya mnyama ina umeme wake wenyewe, na kwamba kazi ya metali ni kuupitisha tu.

Alessandro Volta, profesa wa fizikia huko Pavia, mwanzoni alikubali. Kisha akaanza kutilia shaka jambo moja: mbona miguu ilirukaruka zaidi pale metali zilipokuwa za aina mbili? Akajaribu mwilini mwake. Aliweka bati kwenye ncha ya ulimi na kipande cha fedha nyuma kidogo, kisha akavigusanisha. Ulimi ulipata ladha ya uchachu, na ladha hiyo haikukatika mpaka metali zilipoachanishwa. Cheche ya chupa ya Leiden isingeweza kufanya hivyo. Hapa palikuwa na kitu kinachopita mfululizo. Kwa Volta, chura hakuwa chanzo cha umeme bali kipimo chake.

Upande wa Galvani haukunyamaza. Mwaka 1794 lilitolewa jaribio lisilo na metali kabisa: neva ya chura iligusishwa na msuli, na msuli ukajikunja. Ilimbidi Volta amwondoe mnyama asionekane popote. Alichukua visahani vya fedha na vya zinki, akavipanga viwili viwili, na baina ya kila jozi akatia kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa maji ya chumvi: fedha, zinki, karatasi, fedha, zinki, karatasi, hadi ikasimama nguzo. Tarehe 20 Machi 1800 aliandika barua kwa Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London, akieleza kwamba mtu akishika ncha zote mbili kwa mikono yenye maji hupata mshtuko, na akirudia kushika hupata tena, bila chombo kuchajiwa. Hiyo ndiyo betri ya kwanza.

Ndani ya nguzo ile, zinki huliwa polepole na kuacha elektroni, chembe zenye chaji hasi. Waya ukiunganisha ncha mbili, elektroni hupita humo kwenda upande wa fedha, na maji ya chumvi hukamilisha njia kwa ndani. Njia hiyo kamili ndiyo saketi. Ikikatika popote, mkondo husimama. Nguvu inayousukuma mkondo huitwa volteji, na ndiyo maana kuongeza jozi kulizidisha mshtuko. Volta mwenyewe aliamini kwamba kugusana kwa metali kunatosha kuzalisha umeme. Alikosea: chanzo ni mmenyuko wa kikemia. Naye Galvani hakuwa amepotea kabisa, kwa kuwa neva na misuli kweli hufanya kazi kwa umeme. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli.

Matunda yalikuja haraka. Mwaka huohuo wa 1800, Nicholson na Carlisle wa Uingereza walitumia nguzo kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1820, Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo, na kuanzia hapo vikatengenezwa vipimo vya sindano. Vyura wakapumzika.

Lakini nguzo ilikuwa na kasoro: viputo vya haidrojeni huganda kwenye metali na mkondo hudhoofika. Ndiyo sababu Georg Ohm wa Ujerumani, alipotaka kupima kwa uhakika, aliiacha akatumia metali mbili zilizounganishwa, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Mwaka 1827 alichapisha kanuni yake: mkondo ni volteji kugawanya kwa ukinzani, yaani ule ugumu wa waya au globu kupitisha umeme. Tochi ya betri mbili za volti 1.5 ina volti 3; ikiwa globu yake inapowaka ina ukinzani wa ohm 10, mkondo ni ampea 0.3. Majina volti, ohm na ampea yalikubaliwa katika mkutano wa kimataifa mjini Paris mwaka 1881.

Kasoro ya viputo ilitatuliwa na Daniell mwaka 1836. Mwaka 1866 Leclanché alitengeneza seli ya zinki na kaboni, na miaka ishirini baadaye Carl Gassner akageuza kimiminika chake kuwa uji mzito usiomwagika. Betri kavu ya tochi au redio ni mjukuu wa seli hiyo: kikopo cha zinki, kijiti cheusi cha kaboni katikati, na uji mweusi uliokizunguka. Wanaoanika betri zilizochoka juani hawakosei sana. Joto huchangamsha mmenyuko uliozorota, redio ikapata kusema kidogo tena. Ila zinki iliyokwisha kuliwa hairudi.