Uso wa Duara na Nywele Ndefu: Nani Alituambia Hii Ni Kasoro?

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, juzi kati alipost picha akiwa amebana nywele zote nyuma. Rasta ndefu mpaka kiunoni, uso wote wazi, hana hata kishungi kimoja pembeni. Mimi nikaona kapendeza. Nikashuka kwenye komenti, kumbe huko moto unawaka: sura kama sahani, sura kama chapati, mwambie msusi wako akufunike hayo mashavu. Kabla ya jioni picha imefutwa. Kesho yake karudi na wigi refu, njia ya pembeni, nywele zimeangukia shavu moja. Watu wale wale wakamwaga makopa.

Jambo hilo lilinikaa kichwani kwa sababu na mimi nina uso huo huo.

Miaka yote minne ya sekondari sikujua kama nina uso wa duara. Tuliosoma shule za serikali mnajua, nywele ni fupi kwa wote, na uso ulikuwa uso tu. Nilikuja kuambiwa siku ya kwanza naingia saluni baada ya kumaliza Form Four. Dada msusi kanishika kidevu, kanigeuza huku na huku, kasema, "Mdogo wangu, uso wako wa duara, tutafute mtindo wa kuupunguza." Ukutani kulikuwa na bango la maumbo ya nyuso. Chini ya uso wa yai wameandika kwamba unakubali mtindo wowote. Chini ya uso wa duara kuna orodha ya vitu usivyotakiwa kufanya.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali: hivi lile bango alilianzisha nani?

Zamani uso wa duara ulikuwa sifa

Tuanzie nyumbani. Watu wa Pwani wakitaka kumsifia mwanamke mzuri wanasema uso wake kama mwezi wa kumi na nne. Kwa kalenda ya Kiislamu usiku wa kumi na nne ndio mwezi unakuwa umejaa, duara kamili. Hawasemi mwezi mwandamo, ule mwembamba. Wanasema uliojaa. Hata majina yapo: Badria linatokana na neno la Kiarabu la mwezi mpevu, na Kamaria nalo linatokana na mwezi. Yaani mzazi anamwangalia mtoto mchanga mwenye mashavu yake, anampa jina la kitu cha duara, na anampa kwa furaha.

Sio sisi tu. Nendeni China enzi za utawala wa Tang, kuanzia mwaka 618 hadi 907. Ukiangalia picha na sanamu za wanawake wa enzi zile, mashavu yamejaa kabisa na nywele zimerundikwa juu ya kichwa. Yang Guifei, kipenzi cha mfalme wa karne ya 8, anakumbukwa mpaka leo kama mrembo aliyejaa.

Japani ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu pale uso wa duara na nywele ndefu vilikwenda pamoja. Kati ya mwaka 794 na 1185, kipindi kinachoitwa Heian, wanawake wa ikulu walifuga nywele zikawa ndefu mpaka sakafuni. Nywele zikizidi urefu wa mwenyewe, hiyo ilikuwa sifa ya kusemwa. Na ukiangalia michoro ya karne ya 12, uso unaozungukwa na nywele hizo ni wa mviringo, mashavu mapana, macho kama mstari. Nywele zinashuka nyeusi pande zote mbili na uso unabaki katikati unang'aa. Wale hawakutumia nywele ndefu kuuficha uso wa duara. Zilikuwa kama fremu ya kuuonyesha.

Sasa nani akageuza?

Tusiseme uongo, kupenda uso mrefu hakukuanza jana. Ulaya ya karne ya 15 kuna wanawake wenye uwezo walikuwa wananyonyoa nywele za mbele ili paji la uso lionekane refu. Lakini ile ilikuwa fasheni ya matajiri wachache. Kilichoigeuza kuwa kanuni ya kila mtu ni sinema.

Fikiria kamera ya sinema za zamani. Picha ni nyeusi na nyeupe, taa kali inapiga usoni, halafu uso huo unakuzwa ukutani mkubwa kuliko nyumba. Ukimwona mtu ana kwa ana, unaona mashavu yamekuja mbele na taya limerudi nyuma. Kwenye picha bapa vyote hivyo vinalala pamoja. Uso uliojaa unaonekana mpana kuliko ulivyo. Kwa hiyo studio za Hollywood zikawa na kazi moja kubwa: kuurefusha uso kwa vivuli, kwa meikapu na kwa nywele.

Waliofanya kazi hiyo wengi walitokea kwenye nywele. Max Factor, jina mnaloliona kwenye vipodozi, alikuwa mtengeneza mawigi aliyezaliwa Poland na kuhamia Marekani mwaka 1904. Mwaka 1932 kampuni yake ikatoa mashine ya kupima uso. Ilikuwa kama kofia ya vyuma yenye skrubu nyingi. Unavalishwa kichwani, skrubu zinagusa uso, wanasoma vipimo, halafu wanakwambia sehemu gani ina kasoro. Kasoro ambayo jicho la mtu halioni, lakini mashine inaiona! Jamani.

Halafu kuna familia ya Westmore. Baba yao, George, alitoka Uingereza, fundi wa mawigi, na mwaka 1917 akaanzisha kitengo cha kwanza cha meikapu kwenye studio ya filamu. Wanawe wakaenea studio kubwa kubwa: Perc akawa Warner Bros., Wally akawa Paramount. Mwaka 1935 ndugu hao wakafungua saluni yao Hollywood ili na wanawake wa kawaida waje watengenezwe kama mastaa. Hao ndio walioeneza hesabu ya maumbo saba ya uso. La yai wakaliweka kuwa kipimo, na mengine sita yote yakawa ya kusahihishwa yalifanane.

Basi lile bango la saluni kwetu ni mjukuu wa hesabu hiyo. Lilitengenezwa kwa ajili ya kamera na taa za Hollywood. Halikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda sokoni.

Nywele ndefu zikawa pazia

Angalia walivyofanya kwa Rita Hayworth. Jina lake la kuzaliwa ni Margarita Carmen Cansino, baba yake Mhispania, mcheza dansi. Studio ikaona paji lake fupi. Wakamng'oa nywele za mbele kwa umeme, kishungu kimoja kimoja, kazi ndefu na ya maumivu, ili mstari wa nywele urudi nyuma. Wakampaka rangi nyekundu, wakamwachia nywele ndefu zenye mawimbi, njia ya pembeni, zikashuka mabegani. Ndivyo tunavyomwona kwenye filamu ya Gilda ya mwaka 1946.

Mwingine ni Veronica Lake, aliyevuma mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa nywele ndefu zilizofunika jicho moja. Ukifunika upande mmoja, upana wa uso unaoonekana unapungua palepale. Wasichana wa Marekani wakamuiga mpaka ikawa shida. Ilikuwa wakati wa vita, wanawake wanafanya kazi viwandani, na nywele za namna hiyo zilikuwa hatari karibu na mashine. Serikali ikabidi imuombe abane nywele ili wanaomuiga nao wabane.

Umeona njia ya pembeni na shavu moja lililofunikwa? Ndio mtindo ule ule wa yule staa wetu baada ya kufuta picha. Zaidi ya miaka 80 imepita na pazia ni lile lile.

Mpaka likafika kwetu

Nywele zetu haziangukii shavuni zenyewe, kwa hiyo pazia hilo lilihitaji nyenzo. Mwaka 1952 mwanamke Mweusi wa Marekani, Christina Jenkins, alipata hataza ya njia ya kushonea nywele za ziada kwenye nywele za mtu mwenyewe. Ndiyo weaving tunayoijua. Mawigi nayo yakasambaa dunia nzima miaka ya 1960.

Hapa Tanzania wigi lilikuta siasa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ukataka Dar es Salaam iachane na sketi fupi, suruali za kubana, vipodozi vya kujichubua na mawigi. Wapo wanawake waliosumbuliwa barabarani kwa sababu hiyo. Hoja ya kwamba tunaiga wageni ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini angalia picha nzima. Huku studio inamwambia mwanamke afunike, kule vijana wa chama wanamwambia avue. Hakuna aliyemuuliza mwenye kichwa.

Sasa tufanyeje na mashavu yetu?

Sisemi tutupe ushauri wote. Mbinu za Hollywood zinafanya kazi kwa sababu zinacheza na jicho, na jicho ni lile lile. Ukitaka uso uonekane mrefu, fanya hivi:

Nywele zivuke kidevu. Rasta au wigi likiishia usawa wa mashavu, linachora mstari hapo hapo penye upana. Likishuka kifuani au kiunoni, jicho linashuka nalo.

Chana njia ya pembeni. Njia ya katikati inaugawa uso sawa kwa sawa na mviringo unaonekana wote.

Ujazo uwe juu, usiwe pembeni. Kifundo juu ya kichwa, huku nyingine zimeachwa zishuke, kinaongeza urefu. Mawimbi makubwa yanayofumuka usawa wa masikio yanaongeza upana, kwa hiyo yaanzie chini ya kidevu.

Acha vishungi viwili vyembamba mbele ya masikio. Vinakata kipande cha shavu kila upande.

Na ukitaka mwezi wako uonekane wote, geuza kila kitu. Twende kilioni, nywele zote nyuma. Au njia ya katikati na rasta nyeusi zinyooke pande zote mbili, kama wale wanawake wa Heian.

Ila chochote utakachochagua, usibane mpaka macho yavutike. Kubana sana kila mara kunanyofoa nywele za mbele na za pembeni, na zikishakatika kwa muda mrefu zinaweza zisirudi tena. Rita aling'olewa za kwake na studio. Wewe usijing'oe mwenyewe kwa kumkimbia mtu wa komenti. Kama kichwa kinauma usiku, mwambie msusi afumue. Rasta za knotless zinaanza na nywele zako mwenyewe, hazivuti sana pale mwanzoni.

Leo mashine ya Max Factor iko mfukoni mwetu. Unafungua kamera, unaweka filta, taya linachongoka, mashavu yanaingia ndani kabla hujasema chochote. Haikuulizi kama ulikuwa na shida. Na mtoto wa miaka kumi na tatu anakulia humo, akijiangalia kwenye kioo cha kawaida anadhani kioo ndicho kibovu.

Mimi bado nachana njia ya pembeni siku nyingi, kwa sababu naipenda. Lakini wiki hii nilienda saluni nikamwambia dada anisuke twende kilioni, ndefu, uso wazi. Akaniuliza mara mbili, "Una uhakika?" Nikamwambia ninao. Alipomaliza aliniangalia kwenye kioo, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe una dimpozi."

Miaka yote ile zilikuwa chini ya pazia.

Haya, mwenzangu mwenye mwezi wa kumi na nne, wewe unasuka vipi? Na nani alikuwa wa kwanza kukwambia ufiche? Niachie hapo chini, ila matusi kwa yule staa sitayapitisha.