Kupanuka na Kufinyika (Goma)

Kupanuka na kufinyika, mjini Goma, ni pande mbili za jambo moja. Bonde la Ufa la Magharibi hutanuka polepole, na nyufa zake hupitisha lava ya volkeno ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava hiyo ilikata katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuingia Ziwa Kivu. Yaweza kudaiwa kwamba lava huongeza ardhi, kwa kuwa iliusogeza ufuo ziwani. Lakini ardhi hiyo ilikuwa mwamba mtupu, ilhali maelfu ya familia zilipoteza makazi. Basi upana wa mji upimwe kwa nafasi salama ya kuishi. Kwa kipimo hicho Goma, iliyobanwa kati ya volkeno, ziwa na mpaka wa Rwanda, hufinyika hata inapokua.