Picha Zinazosimulia: Tshibumba na Historia ya Zaire

Katika hadithi za katuni, masimulizi hayakai ndani ya mchoro peke yake. Picha moja huonyesha tukio, inayofuata huonyesha jingine, na msomaji ndiye anayeunganisha yaliyo katikati. Maandishi nayo hutaja jina, mahali au mwaka ambao mchoro hauwezi kuutaja. Mjini Lubumbashi, utaratibu wa namna hiyo uliwahi kubeba historia ya nchi nzima nje kabisa ya kurasa za katuni.

Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mmoja wa wachoraji waliowauzia wakazi wa mji huo wa migodi picha za kutundika sebuleni. Picha hizo ziliitwa ukumbusho. Iliyopendwa mno ni "Colonie belge": mfungwa akichapwa viboko mbele ya afisa Mbelgiji. Kila picha ilijitegemea, na hadithi yake ilibaki vinywani mwa watu.

Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alikwenda mbali zaidi. Kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha chuo kikuu mjini humo, alichora mfululizo wa picha 101, tangu enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu, akazieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Maandishi ndani ya picha yalikuwa hasa ya Kifaransa, lugha ya shule na serikali. Kwa kuwekwa katika mfululizo, kila picha ilipata maana kutokana na iliyotangulia na iliyofuata. Mchoraji akawa mwanahistoria, na ndivyo alivyojiita.

Uzito wa kazi hiyo unadhihirika katika kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huo tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Miili yao haikuachwa kaburini. Mwaka 1966 Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa, ilhali askari wake mwenyewe ndio waliomkamata. Tshibumba aliwalaza watu watatu chini, akasimamisha misalaba mitatu nyuma yao, na damu ya Lumumba ikaandika "unité", yaani umoja. Hapo neno si maelezo yaliyobandikwa. Ni sehemu ya mchoro. Aliyelelewa kanisani aliitambua Kalvari bila kuelezwa.

Fabian alichapisha picha hizo pamoja na maelezo yake mwaka 1996. Msanii mwenyewe alikuwa ametoweka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Historia ya masimulizi ya Kiswahili itakuwa pungufu ikiwa itahesabu vitabu tu na kuziacha picha kama hizi ukutani.