Beni, Ngoma ya Matarumbeta ya Waswahili

Beni ni ngoma ya mashindano iliyozuka katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1890. Jina lake ni neno bendi lililolainishwa na ndimi za Waswahili. Wachezaji walivaa sare, wakajipanga safu kama askari wa gwaride, wakapita mitaani nyuma ya tarumbeta na ngoma kubwa, huku nyimbo za Kiswahili zikiwasifu wao na kuwapiga vijembe wapinzani.

Tarumbeta zenyewe zilifika kwa njia zaidi ya moja. Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya vyombo vya shaba. Freretown, karibu na Mombasa, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875, nacho kilikuwa na bendi. Kisha zikaja bendi za majeshi ya Wajerumani na Waingereza. Hata hivyo, hukosea sana anayesema kwamba Beni ilikuwa kuiga wazungu tu. Pwani ilijua sauti ya kupuliza zamani: siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe za ndovu ya Pate ni mashahidi, na zumari halikukosekana arusini. Miji nayo ilikuwa imekwisha kugawanyika pande mbili zinazoshindana kwa ngoma, mashairi na karamu, kama Mkomani na Langoni kule Lamu. Ushindani ulikuwa wa kale. Tarumbeta ilikuwa silaha yake mpya.

Mombasa ilikuwa na vyama vya Beni vya Kingi na Scotchi, majina yaliyochukuliwa kwa mfalme wa Uingereza na kwa Waskoti. Kushinda hakukutegemea kupuliza vizuri peke yake. Sare zilihesabiwa, ng'ombe waliochinjwa walihesabiwa, na mji mzima ulikumbuka nani alilisha watu wakashiba na nani aliaibika. Wanawake hawakubaki madirishani: vyama vyao vya ngoma ya lelemama vilijiita Kingi, Scotchi, Kilungu na Sadla, navyo vikashindana kwa mavazi na nyimbo kwa ukali uleule.

Tanganyika, pande mbili kubwa ziliitwa Marini na Arinoti. Marini ilivuta zaidi makarani, mafundi na watu waliojihesabu kuwa wenyeji wa mji. Arinoti ikawapokea vibarua na waliotoka bara. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali, makanali na hata madaktari. Vyeo hivyo havikuwa mchezo mtupu. Kijana aliyeshuka mjini bila ndugu alikuta watu wa kumpokea. Akiugua aliuguzwa, na akifa walipatikana wa kumnunulia sanda na kumzika. Serikali ya kikoloni haikumpa mtu huyo hata kimoja kati ya hivyo, na bila kulijua hilo haieleweki kwa nini Beni ilipendwa kiasi kile.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliitoa pwani na kuisambaza mbali. Askari na wapagazi waliicheza katika kambi za pande zote mbili, na vita vilipokwisha wakarudi nayo makwao. Huko Nyasa ikawa malipenga na mganda. Huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ikaitwa mbeni, na humo ikatoka kalela, ngoma ya migodi ya shaba. Tarumbeta za dukani hazikupatikana vijijini, basi mafundi walichukua kibuyu, wakakitoboa na kukiziba kwa utando mwembamba. Mtu alipoimba ndani yake, utando ulitetema na sauti ikatoka ya kukwaruza kama ya shaba. Katika historia nzima ya ngoma hii hakuna ubunifu unaozidi huo.

Watawala waliiogopa. Mara baada ya vita, wapelelezi wa Uingereza walishuku kwamba vyama vyenye matawi katika miji mingi hivyo vilificha njama. Mgomo wa wachimbaji wa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini wa 1935 ulipozuka, tume iliyochunguza chanzo chake iliuliza pia habari za mbeni. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha kwamba Beni haikuwa chama cha uasi, ila iliwafundisha watu kujipanga, kuchanga fedha na kuaminiana ng'ambo ya mipaka ya kabila.

Kuanzia miaka ya 1930 vijana wa mjini walihamia dansi. Walicheza foksitroti, walzi na rumba ndani ya kumbi, na bendi zao za magitaa zikajiita Jazz, kama Morogoro Jazz iliyoundwa mwaka 1944. Beni ikapungua barabarani, lakini Unguja haikufa: iliingia arusini, na kikundi cha Mbwa Kachoka kimejulikana kwa kuipiga, watazamaji wakiitikia viitikio na kucheza. Tanzania Bara nako, maharusi wa Dar es Salaam hutanguliwa na wapiga matarumbeta waliopanda nyuma ya pikapu, na watu hutoka majumbani kuwatazama.