Nairobi–New York, safari ya anga

Safari ya anga kati ya Nairobi na New York ina umbali wa takriban kilomita 11,840, ukipimwa kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Katika ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda kuelekea kaskazini. Huvuka Sahara, na nusu ya safari hutimia juu ya Moroko, wakati bahari ya Atlantiki yote ingali mbele.

Hadi 2018 abiria walilazimika kubadilisha ndege njiani, mara nyingi Ulaya au Ghuba. Februari 2017 Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikaanza kuruka moja kwa moja kwa Boeing 787-8.

Kwenda New York huchukua saa 15 hivi, kurudi kama 14. Tofauti hiyo huletwa na pepo kali za juu zivumazo kutoka magharibi. Kuondoka Nairobi nako kuna kazi yake: uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza uzito ambao ndege inaweza kupaa nao.

New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 majira ya joto, saa 8 majira ya baridi. Anayepanga safari azingatie kwamba tiketi huonyesha saa za mji husika.