Luvungi: Mwami ni nani? Asili na maana ya cheo cha kijadi

Mtu akitoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5, akifika Kamanyola bado yuko katika usultani wa Ngweshe. Akisonga mbele kidogo hadi Luvungi, ameingia kwa Bafuliiru, ambao makao ya usultani wao ni Lemera. Akiendelea mpaka Luberizi, yuko Plaine de la Ruzizi. Safari fupi, bami watatu. Wakaaji hulitaja jina hilo kila siku, lakini vijana wengi hawajui limetoka wapi.

Neno mwami ni la zamani sana, na si la kabila moja. Bashi, Bahavu, Bavira na Bafuliiru wanalo. Rwanda ilikuwa na mwami hadi 1961, na Burundi hadi Novemba 1966. Huko Uganda, kwa Waganda, omwami ni mkubwa wa eneo, lakini siku hizi ni "bwana" tu, hata mume wa mtu. Waluhya wa Kenya wanalo, na Watonga wa Zambia pia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jina hili ni lake peke yake.

Maana nayo inabadilika. Kwa Balega, bwami si kiti cha mfalme. Ni ngazi ambazo mtu hupanda kwa mafundisho, tabia njema na msaada wa ndugu, na ngazi ya juu kabisa ni kindi. Wanawake pia wana ngazi zao. Wabelgiji waliuogopa umoja huo wakaupiga marufuku mwaka 1948.

Kwa Bashi na Bafuliiru, mwami huzaliwa katika ukoo unaotawala: Banyamwocha huko Bushi, Bahamba huku Bufuliiru. Lakini damu peke yake haitoshi. Wako wazee wanaoitwa bajinji, walinzi wa desturi, ambao ndio humsimika. Na kazi yake kubwa ilikuwa udongo. Huko Bushi, mkulima alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe au mbuzi, akapewa shamba ambalo watoto wake wangerithi. Bwasa ilikuwa ya muda mfupi tu. Hapakuwa na karatasi. Shahidi wa shamba alikuwa mwami na watu wake.

Neno "sultani" lilikuja baadaye, pamoja na misafara ya Waswahili kutoka pwani. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, waliongozana na watu wa misafara hiyo. Kisha Wabelgiji wakaleta "chef". Kwa amri za 1906, 1910 na 1933 waliwatambua machifu, wakawapa medali na mishahara, wakawadai kodi na watu wa kazi za lazima. Aliyekataa aliondolewa: Mwami Alexandre Kabare wa Bushi alipelekwa uhamishoni miaka ya 1930. Tangu hapo palikuwa na maswali mawili: nani ni mwami kwa desturi, na nani ni mwami kwa karatasi ya serikali?

Maswali hayo bado yanaumiza. Aprili 2012, Mwami Floribert Ndabagoye wa Plaine de la Ruzizi aliuawa. Mvutano kuhusu utawala wa kijadi ukaongezeka kati ya Barundi na Bafuliiru, na familia nyingi zikakimbia. Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 207 cha Katiba kinatambua utawala wa kijadi na kuupa wajibu wa kulinda umoja wa taifa. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inaeleza hali ya machifu wa kijadi.

Kwa familia zilizo mbali na mashamba yao, hili si jambo la vitabu. Mama aliyekimbia na watoto, bila karatasi yoyote, akirudi atahitaji mtu wa kusema: "Ndiyo, mpaka wa shamba lake ni ule mti." Hiyo ndiyo kazi ambayo cheo hiki kilikuwa nayo tangu mwanzo. Mwami anayeifanya kwa kila mkaaji, wa kabila lake na wa kabila lingine, analistahili jina hilo.